Mtu na mnyama hawakutani shingoni: kwa mdogo wangu anayeanza kuchora

Vijana wanaokuja kwangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, wakitaka kujifunza kuchora huja na simu mkononi. Wananionyesha: mtu mwenye kichwa cha simba, msichana ambaye nusu ya uso wake ni chui, vipande vya gazeti vimebandikwa, rangi inachuruzika. "Yaya (ndivyo hapa tunavyomwita mkubwa wetu), nataka kufanya sawa hivi." Swali langu la kwanza ni lile lile. Simba umemwona wapi? Mmoja mmoja hujibu: pale zoo. Namwuliza tena, ulikaa naye muda gani? Hapo kimya.

Basi namtuma kwa mbuzi. Mbuzi hapa Lubumbashi hakosekani, yuko barabarani, yuko jalalani, yuko juu ya ukuta wa jirani. Kaa naye asubuhi tatu, na kipande cha makala, yale ambayo wenzetu wa pwani huyaita makaa, na karatasi yoyote, hata mfuko wa saruji. Usimchore mzima. Chora jicho tu. Utaona mboni yake si duara. Ni ufa uliolala, kama tundu la kutumbukizia sarafu. Akiinama kula, jicho huzunguka ili ule ufa ubaki umelala sawa na ardhi. Kijana mmoja aliniletea mbuzi mwenye mboni ya duara, na uso wote ukawa wa mtu aliyejivika ngozi. Nikamwambia, huyo mwache hivyo hivyo. Sasa chora pembeni yake mama anayeuza samaki, na ile mboni ya kulala mpe yeye. Hakuongeza pembe wala mkia. Alipomaliza nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja.

Ndiyo maana nasema mtu na mnyama hawakutani shingoni, pale unapokata kichwa cha huyu na kukipachika kwenye mwili wa yule. Hukutana kwenye kitu kidogo: jicho, kiungo, namna ya kusimama. Tazama mguu wa nyuma wa mbwa. Kile unachodhani ni goti lililokunjika kinyume ni kisigino; goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mbwa anatembea kwa vidole. Ukishalijua hilo, mwinue mtu wako visigino, mwinamishe kidogo mbele, na mbwa atakuwa ameshaingia ndani ya suruali bila wewe kumchora.

Picha za namna hiyo huitwa za ekspresionisti, yaani mchoraji anayepinda umbo na rangi ili hisia ionekane, na neno hilo nalo linawapoteza wengi. Wanadhani ni ruhusa ya kuchora ovyo kwa hasira na burashi pana. Wale Wajerumani wanne walioanzisha Die Brücke, kundi la wachoraji ekspresionisti, mjini Dresden mwaka 1905 walikuwa wanafunzi wa usanifu wa majengo. Mstari walioupinda, walijua kwanza kuunyoosha. Na Franz Marc, mchoraji mwingine Mjerumani, aliyeuawa vitani karibu na Verdun mwaka 1916 akiwa na miaka 36, farasi wake hawakuwa wa buluu kwa sababu hudhurungi ilimwishia. Kwake buluu ilikuwa uanaume na roho, njano uanamke, nyekundu ndiyo maada yenyewe, nzito. Mimi hesabu hiyo siifuati. Kwangu njano ni homa. Lakini uwe nayo ya kwako, na ukiulizwa kwa nini fisi ni wa kijani usijibu "ni sanaa tu".

Tena huna haja ya kwenda hadi Ujerumani kutafuta mababu. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka vijana wake waige Ulaya, na kila mmoja akatoka na mkono wake. Pilipili Mulongoy alijaza ndege, samaki na majani hadi pembeni kabisa. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyobanana. Bela aliweka burashi chini akapaka kwa vidole. Jaribu hilo la Bela wiki moja. Siyo umwige, ila kidole hakikuruhusu kudanganya kwa vijinywele vya manyoya. Kinakulazimisha uamue mnyama ana uzito gani.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo fedha zinapopotelea. Kazi ya kuchanganya vifaa si pambo. Kila unachobandika kifanye jambo ambalo rangi imeshindwa. Gunia la makala linaniingia vizuri kwenye ngozi ya punda kwa sababu wote wawili ni wabeba mizigo, na bado lina vumbi jeusi. Ila liangalie kwanza: magunia mengi siku hizi ni ya plastiki iliyofumwa, rangi haiyashiki, inabanduka kama magamba. Kama umepata la aina hiyo, libandike kama kipande na uliache bila kupaka. Kwa kuchorea, tafuta mfuko wa unga wa kitambaa cha pamba. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi hii katika miaka ya 1973 na 1974, alichorea juu ya mifuko ya unga. Ufue, uutandaze kwenye fremu ungali na unyevu, ukikauka utajivuta wenyewe.

Gundi. Hapa nilifunzwa kwa aibu. Tablo yangu, yaani picha yangu, ya kwanza kubwa ilikuwa tembo amebeba nyumba, masikio yote ni magazeti, na nilibandika kwa uji wa unga kwa sababu ni bure. Ilikuwa Agosti, kavu, kila kitu kimenyooka. Nikaiuza. Januari, mvua imeshakolea, mnunuzi akarudi nayo mabegani. Ukungu ulikuwa umechora ramani yake tumboni mwa tembo, na mende walikuwa wamekula sikio la kushoto lote. Unga ni chakula, tena nilikuwa nimewaandalia mezani. Nikamrudishia pesa yake kwa awamu tatu. Tangu hapo natumia gundi nyeupe ya maseremala, na kwa kuwa hata hiyo hulainika ikipata maji, napaka vanishi juu na nyuma pia, kisha nabandika vipande vya kizibo kwenye pembe za fremu ili isigusane na ukuta. Gazeti litageuka njano hata ufanyeje, kwa hiyo litumie pale unapotaka uzee.

Rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, iwe chini, rangi ya mafuta juu. Ukigeuza, itabanduka.

Shaba yetu ni zawadi ukijua kuitumia. Kipande chembamba ukikipaka siki na chumvi kinaanza kuota kijani cha buluu baada ya siku chache, kama pua ya mjusi. Vipande nunua kwa mafundi wanaofua shaba, mabaki wanayo. Waya unaouzwa usiku usiuguse. Mtaa wa mtu umebaki gizani kwa ajili yake. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, usiisage kavu ili kupata rangi. Vumbi lake ni la shaba na linaenda mapafuni. Ilowanishe, funga pua, na watoto wakae mbali.

Kuhusu kuuza nitasema moja. Niliwahi kuacha tablo saba mahali fulani kwa neno la mdomo, zikarudi nne. Andika karatasi, hesabu, bei, tarehe, sahihi mbili, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani aliingia nikiwa na mbuzi wangu mpya, mkubwa kama mlango, na nyuma yake mwanamke anakamua nguo. Akasimama sana. "Baba, juu ya nini uyu mbuzi anaona haya?" Nilikuwa nimechora hasira, siyo haya. Nikainama nikatazama, nikakuta kope ya juu imeshuka milimita chache kuliko nilivyokusudia. Sijaigusa. Nimeigeuza imetazama ukutani, nikisubiri kujua ni nani kati yetu aliyeona sawa.