Mama, Nimerudi Nyuma?

Jumatano moja baada ya ushirika wa nyumbani, hapa kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, kijana mmoja alibaki kunisaidia kukusanya vikombe. Nilijua ana lake. Akaisifu chai, akauliza habari za watoto, akakisugua kikombe kimoja mpaka nikakihurumia, ndipo akalitoa.

"Mama, zamani nikipiga magoti dakika 5 haziishi, machozi yashatoka. Siku hizi naomba saa nzima na ni kama naongea na ukuta. Nimerudi nyuma?"

Nikamwuliza kama ameacha kuomba. Hajaacha. Kuna jambo analoficha? Akafikiri, akasema hapana. Basi nikaongeza maji kwenye sufuria nikamwambia akae, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilinichelewesha.

Niliokoka mwaka 2004 katika bustani ya Jeevanjee, saa saba mchana. Nilikuwa nimezunguka mjini tangu asubuhi nikitafuta kazi, nikaketi kupumzisha miguu tu. Anayeijua Nairobi anawajua wahubiri wa saa ya chakula cha mchana: mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja na watu wake, na wenye njaa wasio na pesa ya chakula wakisikiliza wote wawili kwa mpigo. Sikumbuki hata somo lilikuwa nini. Nakumbuka nilitembea kwa miguu mpaka mtaa wa Jericho bila kuhisi mwendo.

Miezi iliyofuata Mungu alinibeba mgongoni. Nikiomba nauli, nauli inapatikana. Nikifungua Biblia popote, aya inanitazama mimi. Nilihubiri ndani ya matatu za Jogoo Road hadi makanga wakanizoea. Pia nilimwambia mama yangu mzazi kwamba kanisa alilosali miaka 30 halina Roho. Mama hakunijibu, alinipakulia chakula.

Sitaki kuucheka utoto ule. Petro anawaambia waumini wayatamani maziwa kama watoto wachanga, na hakuna karipio ndani yake. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya pili, anawaandikia watoto wadogo kwa furaha kabisa: "kwa sababu mmesamehewa dhambi zenu." Ukimkuta mtu amelewa furaha ya kusamehewa, mwache. Usianze kumfundisha mambo ya jangwani kabla hajafika jangwani.

Tatizo ni kubaki hapo, na hapa ndipo nilipopotea, kwa sababu nilidhani kukua ni kuongeza moto. Kufikia mwaka 2010 nilikuwa kiongozi wa maombi. Kesha la Ijumaa lilikuwa langu, kipaza sauti kilikuwa changu, na nilifunga siku nyingi kiasi cha kuhakikisha watu wanajua. Yohana anawaambia vijana kwamba wana nguvu, neno la Mungu linakaa ndani yao, nao wamemshinda yule mwovu. Nilikuwa na nguvu kweli, siwezi kusema uongo. Niliombea watu wakafunguliwa. Ila nguvu za kijana zina hatari yake: anadhani kila mlango unafunguliwa kwa bega.

Kulikuwa na mama mmoja katika kundi letu la maombi. Mimba yake ya miezi mitano iliharibika. Tulikuwa tumeiombea, mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza mbele ya watu kwamba mtoto atazaliwa. Nikaenda kumwona, na badala ya kulia naye nikamwuliza ni wapi aliruhusu shaka iingie. Nilimwuliza hivyo akiwa bado kitandani. Miezi miwili baadaye alihama kanisa, na mimi nikasema nini? Kwamba hakuwa na mizizi.

Siku hizi nikisoma barua ya Paulo kwa Wakorintho najiona humo. Mwanzoni kabisa anawaambia hawakupungukiwa na karama yoyote. Kurasa chache mbele, sura ya 3, anawaita watoto wachanga. Watu hao hao! Walikuwa na lugha, unabii, kila kitu, na bado anawanywesha maziwa. Ushahidi anaoutoa ni husuda na fitina zao. Hakuwapima kwa sauti ya maombi, aliwapima kwa jinsi walivyotendeana. Nairobi tunapima kinyume chake. Mtu akiweza kuliamsha kanisa saa nane za usiku tunampa cheo, bila kumwuliza mkewe au mama mboga wake lolote.

Kisha soko likaungua. Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya Gikomba, soko la mitumba nilikokuwa nikiuza, kabla ya mapambazuko na watu wasiopungua 15 wakafa. Mimi nilipoteza mali tu, marobota ya nguo za watoto na kibanda, lakini hiyo mali ndiyo iliyokuwa karo na kodi ya nyumba. Wenzangu wa maombi walikuja nyumbani, na nikausikia wimbo wangu mwenyewe ukiimbwa na wengine: umefungua mlango gani? Ulikuwa umelipa fungu la kumi? Mmoja akanishauri nipande mbegu, yaani nitoe sadaka nikitarajia Mungu anirudishie. Nikapanda, kwa pesa za kukopa. Haikuota.

Hapo ndipo maombi yangu yalipokauka. Si wiki moja. Nilipomweleza kiongozi mmoja, akaniambia nimerudi nyuma, nitubu na niongeze kufunga. Nikatubu hata nisiyoyatenda. Nilifunga mpaka nikaugua. Ukuta haukutikisika.

Aliyenisaidia ni mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Cucu, mwenyeji wa Kabete. Alikuwa mmoja wa wale wazee wa uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda, ukafika Kabete mwaka 1937, na watu wake walijulikana kwa jambo moja gumu: kutembea nuruni. Ukiokoka kwao, unamrudishia jirani jembe ulilomwibia, na unaungama mbele ya ndugu kwa maneno ya kawaida, bila kupiga kelele. Zamani nilikuwa namwona Cucu kama mtu aliyepoa.

Alikuja na viazi kwenye mfuko, akaosha vyombo, akashinda kutwa. Hakuniombea mpaka alipokuwa anaondoka, na maombi yenyewe hayakufika dakika moja. Ila kabla ya hapo aliniuliza maswali mawili. Je, kuna mtu unadaiwa naye? Je, kuna mtu uliyemjeruhi kwa mdomo wako? La kwanza lilikuwa na jibu la shilingi: chama chetu cha akiba kilinidai 14,000, nami nilikuwa nikikwepa simu za mweka hazina huku nikiongoza kesha. La pili nilinyamaza.

Sasa, msomaji asinielewe vibaya. Cucu hakusema deni ndilo lililochoma kibanda, wala kwamba nikilipa machozi yatarudi. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi tisa, na maombi yakabaki makavu vilevile. Lakini nilianza kuona kwamba Mungu ambaye simhisi ananishughulikia mahali ambapo nilipokuwa namhisi sikumpa nafasi. Kitabu cha Waebrania kinasema chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Kwa kutumiwa. Ni mazoezi, ya kuchosha, tena mengi hayana muziki nyuma yake.

Kwa hiyo kijana nilimwambia hivi, na nawe nakwambia. Ukavu na kurudi nyuma havifanani ukiviangalia vizuri. Anayerudi nyuma anaikimbia nuru. Ukimwuliza anakasirika, anabadilisha njia asikutane nawe. Aliye mkavu anamtafuta Mungu na hamwoni, na kutomwona kunamuuma. Kuumia huko si dalili ya mtu aliyekufa. Usiongeze kelele. Punguza maneno, shika ratiba yako hata kama ni dakika 10, na uzisome zaburi za watu waliokwama. Ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa shukrani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Lipa unachodaiwa. Na kama hulali, huli, na kila kitu kimepoteza ladha, si maombi peke yake, nenda hospitali ukaonane na daktari. Nimeona watu wakikemewa mapepo kumbe wanahitaji matibabu, na hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Hatua ya wazazi katika imani siwezi kuieleza sana kwa kuwa sijafika. Nimeiona tu. Yohana anawaandikia akina baba mara mbili, na mara zote mbili anarudia neno lile lile: mmemjua yeye aliye tangu mwanzo. Kwa vijana anaongeza sifa mara ya pili. Kwa akina baba hana la kuongeza. Paulo naye anaendelea kushuka. Akiwaandikia Wakorintho, miaka ya 50 baada ya Kristo, anajiita mdogo katika mitume. Kwa Waefeso, barua ya kifungoni, amekuwa mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Kwa Timotheo, wa kwanza miongoni mwa wenye dhambi, na anasema "ni mimi", si "nilikuwa mimi". Kwetu mtu akikaa kwenye wokovu miaka 20 anaongezewa vyeo mpaka bango halitoshi.

Mwaka 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na Julai yalipofunguliwa ilikuwa watu 100, saa moja tu, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Nilipanda hadi Kabete kumfariji Cucu. Nilimkuta anachambua maharagwe, simu yake ndogo ya vitufe kando, akiwapigia wazee wenzake mmoja mmoja kwa zamu. Nikamwuliza kama haumii kufungiwa nje ya kanisa alilolijenga kwa mikono yake. Akasema anazikosa nyimbo. Halafu akanipa sinia nichambue upande wangu.

Kijana alisikiliza yote hayo, kisha akauliza ukavu wangu ulichukua muda gani. Nikamwambia miaka miwili na zaidi, na ulivyoisha haukuisha kwa machozi. Niligundua tu asubuhi moja kwenye foleni ya maji kwamba nilikuwa nikiongea Naye tangu niamke. Hakupendezwa na jibu hilo. Nadhani alitarajia wiki tatu.

Jumatano iliyofuata alikuja, hakutoa ushuhuda wowote. Wakati wa vikombe akaniuliza kama nilimwomba msamaha yule mama. Nilimwomba, mwaka 2019, nje ya duka moja Donholm. Alisema alishasahau, na uso wake ukasema hajasahau. Mwaka jana tulikutana tena kwenye mazishi, akanipa namba yake ya simu bila kuombwa. Kijana akaniuliza tuliongea nini.

Bado sijampigia.