Je, uniti zangu zimeliwa na upepo?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Ninauza barafu na samaki wa kugandisha hapa Sahare, Tanga. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikinunua umeme wa Sh 5,000 napata uniti 40 na ushei. Nikaongeza friza ya pili, na baada ya miezi michache fedha ileile ikawa inanipa uniti 14 tu. Fundi mmoja ameniambia kwamba bei imepandishwa kimyakimya ili kulipia miradi ya umeme wa upepo, na kwamba itazidi kupanda. Anataka kunifungia mtambo wa upepo wa kilowati 3 juu ya paa kwa Sh 4,500,000, wenye mapanga yenye upana wa mita 2 kutoka ncha hadi ncha, ili niachane na LUKU kabisa. Upepo ni wa Mungu, kwa nini tuulipie? Na huo mtambo niukubali?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Namba ulizoandika zinajieleza zenyewe, na fundi wako angeweza kuzisoma kama angetaka. Kwa agizo la bei la mwaka 2016 la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa Sh 350. Anayevuka kiwango hicho mara kwa mara huhamishiwa daraja la T1, ambako uniti ni Sh 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, hivyo uniti ya D1 humfikia mteja kwa Sh 122, na ya T1 kwa Sh 356.24. Gawanya Sh 5,000 kwa 122, unapata 41 kasoro kidogo. Gawanya kwa 356.24, unapata 14. Friza ya pili ndiyo iliyokuvusha. Na nikisema kweli yote, biashara ya barafu haikustahili kukaa D1 tangu mwanzo, kwa kuwa daraja hilo liliwekwa kwa ajili ya nyumba yenye taa, redio na pasi ya mara mojamoja.

Ama habari ya bei kupandishwa kimyakimya, TANESCO haiwezi kuamka asubuhi ikabadili bei. Hupeleka maombi EWURA, wananchi huitwa kwenye taftishi, yaani mkutano wa kutoa maoni, kisha agizo hutangazwa. Mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 lililokuwa lianze Januari 2017, na waziri wa nishati akalisimamisha kabla halijaanza. Nchi nzima ilijua, magazeti yaliandika. Isitoshe, mradi wa upepo wa Mwenga kule Mufindi, ulio wa kwanza wa aina yake nchini, una mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 2.4, ilhali bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Megawati 2.4 haziwezi kula uniti zako karibu 27. Huenda fundi wako amesikia habari za Ujerumani, ambako kweli wateja walitozwa nyongeza kwenye kila uniti kwa ajili ya upepo, jua na biogesi. Nyongeza hiyo ilifikia senti 6.88 za yuro mwaka 2017, kisha ikaondolewa Julai 2022 na gharama ikahamishiwa kwenye bajeti ya serikali. Hayo ni ya Ujerumani, wala hayamo katika risiti yako ya LUKU. Katika risiti hiyo unaweza kuikuta kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo. Usiihesabu kama bei ya umeme.

Sasa nije kwenye maneno yanayonichosha kuliko yote, maana nayasikia sokoni, msikitini na hata kwa watu wenye shahada: upepo ni wa Mungu, kwa hiyo umeme wake ungepaswa kuwa wa bure. Mto Pangani nao ni wa Mungu. Kituo cha Hale, hapo jirani tu na wewe, kimekuwa kikizalisha umeme kwa maji yake tangu miaka ya 1960, na New Pangani Falls tangu 1995, lakini sijawahi kukutana na mtu anayeuliza kwa nini tunalipia umeme wa Hale wakati mvua inanyesha bure milimani. Tunacholipia ni saruji, chuma, nyaya, transfoma na riba ya mkopo ulionunua vitu hivyo. Tofauti iliyopo ni ya wakati wa kulipa. Mtambo wa dizeli hununuliwa kwa bei nafuu, kisha hunywa fedha kila siku unapowaka. Mtambo wa upepo humaliza sehemu kubwa ya gharama zake kabla ya kutoa uniti ya kwanza, na baada ya hapo hudai matengenezo na marejesho ya mkopo, uvume usivume.

Ndiyo maana upepo uleule unaweza kutoa umeme wa bei nafuu katika nchi moja na wa bei ya kuumiza katika nchi nyingine. Kinachoamua ni riba, sarafu iliyoandikwa kwenye mkataba wa kuuziana umeme, na kama laini ya kuusafirisha ipo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Mapanga yalisimama jangwani, na deni la umeme ambao haukumfikia mtu likaendelea kuhesabiwa, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Mkataba huo pia umeandikwa kwa yuro, kwa hiyo shilingi ya Kenya inapodhoofika, uniti ileile huwa ghali zaidi kwa shilingi bila upepo kubadilika hata kidogo. Siku miradi mikubwa ya upepo itakapofika kwetu, kwa mfano ule wa Singida ambao umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, nawe ukaalikwa kwenye taftishi, uliza mambo hayo matatu. Kuuliza kama upepo ni bure ni kupoteza zamu yako ya kusema.

Nirudi kwenye paa lako, na hapa sitakuwa mpole. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, hupanda kwa kipeo cha tatu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nane; kasi ikishuka hadi theluthi, hubaki sehemu moja tu ya 27. Kilowati zinazoandikwa kwenye kibati cha mtambo hupimwa katika upepo mkali, mara nyingi wa karibu mita 12 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Wavuvi wa Sahare watakueleza upepo wa namna hiyo huvuma siku ngapi kwa mwaka, na siku hizo huenda samaki wa kugandisha usiwe nao.

Tena mtambo wako hautoi kilowati 3 hata katika upepo huo. Mapanga ya mita 2 hufagia duara la mita za mraba 3.14, na upepo wa mita 12 kwa sekunde unaopita katika duara hilo hubeba takriban wati 3,200, hizo zikiwa ndizo zote. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hakuna mapanga yanayoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, kwa kuwa upepo uliovunwa wote ungesimama papo hapo na kuuzibia njia ule unaofuata. Tunabaki na wati 1,900 kwa mtambo mkamilifu ambao bado hajazaliwa wa kuutengeneza. Aliyekuandikia 3,000 ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Tuchukulie kwamba juu ya paa lako, kati ya minazi na nyumba za majirani, upepo una wastani wa mita 4 kwa sekunde. Mtambo mdogo ulio mzuri utakupa kama wati 35, ambazo kwa siku nzima hazifiki uniti moja (uniti ni wati 1,000 kwa saa nzima), na kwa mwezi ni uniti 25 hivi. Kwa kuwa upepo huvuma kwa vipindi, na vipindi vikali huchangia zaidi, nitakuwa mkarimu na kuzidisha mara mbili: uniti 50, zenye thamani ya takriban Sh 17,800 kwa bei ya T1. Sh 4,500,000 zitarudi baada ya miaka 21, bila kuhesabu betri wala kutu ya chumvi ya bahari. Halafu yapo maleleji, kati ya kusi na kaskazi, wakati tanga lenyewe hulegea. Friza mbili haziwezi kusubiri kusi. Na kuufunga mtambo juu ya paa ni kosa jingine, kwani unatakiwa ukae juu ya mnara, angalau mita 10 zaidi ya kila mti na nyumba iliyo ndani ya mita 100, la sivyo hupata upepo uliovurugika unaotikisa mapanga na kuta za nyumba kwa pamoja.

Kila bei ya umeme inapozungumzwa, watu wa aina ya fundi wako hujitokeza. Mmoja anauza kiboksi cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kupunguza matumizi. Ndani yake mara nyingi mna kapasita ndogo na taa ya kijani, na mita yako ya LUKU, ambayo huhesabu uniti peke yake, haitambui hata kama kipo. Mwingine ni kishoka anayejitolea kuipita mita usiku, na siku wakaguzi wakija, yeye hayupo na jina kwenye mita ni lako. Tanga tunasifiwa kuwa ni waja leo waondoka leo. Basi hawa ndio wanaolitekeleza neno hilo kwa ukamilifu. Wote huzungumza kwa kilowati, kwa asilimia na kwa hofu ya bei itakayokuja, na wote hukwepa kutaja uniti kwa mwezi.

Kwa hiyo anza kwa kukagua mipira ya milango ya friza zako na kuziondoa kwenye ukuta unaopigwa na jua, kazi isiyofika Sh 100,000. Kisha mwambie fundi aandike kwenye karatasi, kwa sahihi yake, uniti ambazo mtambo utatoa kila mwezi kwenye paa lako, na kwamba utamlipa kwa awamu kadiri mita ndogo uliyoinunua wewe itakavyozihesabu. Akikataa, mpe maji ya barafu anywe, umsindikize hadi barabarani.