Mita ya Yaka inajuaje nimelipa? Na maswali mengine matatu

*Mita yangu ya Yaka haina laini ya simu wala intaneti. Nikinunua umeme kwa simu, inajuaje kwamba nimelipa? (Msomaji, Bombo)*

Haijui. Yaka ni mita ya umeme wa kulipia kabla hapa Uganda, na haina habari na pesa zako. Inachojua ni kusoma zile tarakimu 20 unazotumiwa ukilipa. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, na kompyuta ya wauza umeme inao uleule. Ukilipa, kompyuta inachukua idadi ya yuniti na dakika uliyonunua, inavifunga pamoja kwa ufunguo huo, na kinachotoka ndiyo tokeni. Mita inaifungua. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako, na ya jana huwezi kuiingiza tena: mita inakumbuka dakika za tokeni ilizokwisha kumeza.

Dakika hizo zilihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuziandika ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita za aina hii popote duniani. Zile tokeni za ziada tulizoambiwa tuingize kwanza zilikuwa za kubadilisha ufunguo, hesabu ianze upya. Mimi zangu nilizibonyeza gizani, tochi ya simu nimeibana kwa meno, na nikakosea tarakimu moja mara mbili.

*Moshi mweusi unaosimama juu ya ziwa ni wa nini? (Entebbe)*

Si moshi, ni wadudu. Viluwiluwi vyao hukaa kwenye tope chini ya Ziwa Victoria, kisha hutoka kwa mamilioni siku moja, wengine wakifuata mwezi mwandamo. Hawaumi. Zima taa ya barazani, ufunike chai.

*Pale Kayabwe nilionyeshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari wa Ikweta na kushoto upande wa pili. Ni kweli? (Nakawa)*

Maji ni ya kweli, sababu ndiyo ya uongo. Mzunguko wa dunia hupinda pepo za mamia ya kilomita, lakini kwenye Ikweta nguvu hiyo ni sifuri, na hatua kumi pembeni haiongezeki kitu cha kuonekana ndani ya beseni. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, mbali kabisa na Ikweta, alilazimika kuacha maji yatulie saa 24 katika beseni la upana wa karibu mita 1.8 ndipo aione. Ukirudi Kayabwe, acha kutazama lile ua la maua wanaloliweka lielee majini kuonyesha mzunguko. Tazama mkono wa kijana anayewaonyesha wageni anapomimina maji, na upande anaomiminia. Hata hivyo mlipe, anaigiza vizuri.

*Wakibandua gome la mutuba kutengeneza lubugo, mti haufi? (Masaka)*

Haufi, mradi mbanduaji wa lubugo, yaani kitambaa cha gome, asiukwangue mti wa ndani. Gome hutolewa msimu wa mvua, kisha shina huvishwa majani ya migomba mpaka gome jipya liote, na mti uleule huvunwa tena kwa miaka mingi. Gome lenyewe hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mifereji mipana, mwisho myembamba, mpaka kipande chembamba kinakuwa shuka. Na ile rangi ya udongo mwekundu haikupakwa: huja lubugo ikianikwa juani.