Watoto wamejaa ila hela haionekani

SWALI: Dada, nina kituo cha kulelea watoto wadogo, watoto wapo wengi tu ila nikishalipa walezi na kodi sibaki na kitu. Nipandishe ada au nipunguze mlezi mmoja?

JIBU: Mlezi usimguse kabisa, ndugu yangu. Vichanga watatu wanne wanamtosha mtu mmoja, ukimbebesha zaidi watoto wanaumia na wazazi wakishaona hivyo wanahama. Kwenye kazi hii mishahara ndo inakula hela nyingi, ni kawaida, we angalia inakovujia kwingine. Chukua daftari, jumlisha gharama zote za mwezi pamoja na mshahara wako mwenyewe (wengi wanajisahau hapa) halafu gawa kwa idadi ya watoto wanaolipa kweli, sio walioandikishwa, hapo ndo utajua kila mtoto anakugharimu sh'ngapi na ada yako iko chini kiasi gani. Ada ilipwe mwanzo wa mwezi, na mtoto akiumwa siku mbili nafasi yake bado inalipiwa maana mlezi wake unamlipa vilevile. Wanaochelewa kuchukua watoto jioni nao wachangie. Ukipandisha, waambie wazazi mapema na uwaonyeshe hesabu yenyewe, wengi wataelewa.