Maswali ya Wasomaji: Kura 14 Zinashindwaje na Moja?

SWALI: Ndugu mhariri, muhula wa António Guterres kama Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa unakwisha 31 Desemba 2026. Nasikia mgombea anaweza kupata kura 14 kati ya 15 na bado akaanguka. Inawezekanaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Inawezekana, na imeshatokea. Tarehe 19 Novemba 1996 Boutros Boutros-Ghali wa Misri alikuwa akiwania muhula wa pili. Nchi 14 zilimkubali, Marekani peke yake ikakataa, basi.

Kwa mujibu wa Ibara ya 97 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu humteua Katibu Mkuu kwa pendekezo la Baraza la Usalama lenye wajumbe 15. Ili pendekezo lipite zinatakiwa kura 9, na asiwepo hata mjumbe mmoja wa kudumu aliyesema hapana: Marekani, Uchina, Urusi, Uingereza au Ufaransa. Hiyo hapana ndiyo kura ya turufu. Wengi huteleza hapa: mkubwa akijizuia kupiga kura, hajatumia turufu. Kura 9 zikitimia, jambo linapita. Kwa hiyo kazi kubwa ya kampeni si kupendwa na wote watano. Ni kumshawishi asiyekutaka akae kimya.

SWALI: Je, ni kweli Dkt. Salim Ahmed Salim wa Tanzania alikwamishwa kuwa Katibu Mkuu kwa sababu ya Uchina? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 2758 kwa kura 76 dhidi ya 35, na kiti cha Uchina kikatoka Taipei (Taiwan) kwenda Beijing. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha azimio hilo, Salim akiwa balozi wake, na furaha ya ujumbe wetu ukumbini haikufichika. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George Bush.

Miaka 10 baadaye, Salim anagombea, Bush ni Makamu wa Rais wa Marekani. Katika duru ya kwanza Salim alipata kura 11, Kurt Waldheim wa Austria 10. Wote wawili walivuka 9, wote wawili wakakwama: Marekani ilimzuia Salim, Uchina ikamzuia Waldheim aliyetaka muhula wa tatu. Wakarudia duru baada ya duru, wiki baada ya wiki. Desemba, balozi Olara Otunnu wa Uganda alishika urais wa Baraza la Usalama. Salim na Waldheim wakakaa kando, ikapimwa kwa siri ni nani asiyepingwa na mkubwa yeyote, na akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Si 1971 pekee iliyomponza. Serikali ya Reagan haikupenda msimamo wa Tanzania kuhusu Afrika Kusini na Palestina. Lakini linalotuuma ni hili: Washington na Beijing zilikuwa na uhusiano rasmi tangu 1 Januari 1979. Wakubwa walishapatana, na aliyesimama na mmoja wao zamani akaendelea kulipishwa.

SWALI: Matokeo ya kura za majaribio yakivuja, tuyasomeje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hizi ni kura za siri, zisizo rasmi, ambazo Baraza la Usalama hupiga kabla ya kupendekeza mtu. Kila mjumbe humwekea kila mgombea alama moja kati ya tatu: aendelee, asiendelee, sina maoni. Duru za mwanzo karatasi zote ni za rangi moja, kwa hiyo "asiendelee" 2 zinaweza kuwa za nchi zisizo na turufu, au zikaficha turufu. Usikimbilie kuhesabu "aendelee" peke yake. Septemba 26, 2016 Guterres alikuwa na 12, huku 2 zikimkataa, na hakuna aliyekuwa na uhakika. Oktoba 5 wajumbe wa kudumu walipewa karatasi nyekundu, wengine nyeupe. Matokeo: 13 aendelee, 2 sina maoni, asiendelee hakuna. Siku iliyofuata Baraza likampendekeza rasmi.