Muulize Maalim: "Port" na "Harbour"

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Nafanya kazi kwenye afisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nilimwandikia mteja kwa Kiingereza kwamba "the harbour" itamtoza pesa za kontena kulala yadini. Bosi akafuta "harbour", akatia "port". Kwani zote si bandari? Na "cargo" na "freight" je?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Bosi wako yuko sawa, ila angekueleza.

"Harbour" ni maji: mahali palipokingwa na mawimbi, chombo kikitia nanga kinatulia. Ukiwa Likoni wangoja feri, ule mkondo mpana uingiao kutoka baharini ndio "harbour", na ungekuwa "harbour" hata pasingekuwa na gati hata moja. Kilindini yenyewe ni kwenye kilindi, maji ya kina. "Port" ni kazi ya watu: gati, winchi, yadi, maafisa wa forodha, na bili. Maji hayamtozi mtu.

Ukitatizika, ondoa bahari uone neno gani linabaki. Kule Embakasi, Nairobi, kuna bohari ya kontena iitwayo "dry port". "Dry harbour" hujaisikia. Uwanja wa ndege nao ni "airport".

Lakini usimcheke mzee akichanganya. Shirika la bandari la ile Jumuiya ya zamani liliitwa East African Harbours Corporation. Kenya ilipounda lake mwaka 1978, likawa Kenya Ports Authority. Magati ni yaleyale.

Sasa "cargo" na "freight", na hapa ndipo penye pesa. "Cargo" ni shehena. "Freight", kwenye ankara, ni nauli ya hiyo shehena. Forodha ya Kenya hukadiria ushuru kwa CIF, yaani bei ya mali, bima na "freight" pamoja; ukijaza magunia ya mchele penye "freight", umeweka mzigo mahali pa dola. Wamarekani huita hata mzigo wenyewe "freight", na treni ya mizigo ni "freight train", kwa hivyo kwenye mazungumzo usijisumbue. Kwenye fomu, jisumbue.

Barua yako iandike hivi: "The port will charge storage from Monday." Na hiyo "storage" usiitie "s" mwishoni, maana nimeziona barua za mawakala.