Kwa mnaoanza famasi Tanga: miguu inayowaka moto na dawa ya kwenye simu

Wadogo zangu mliopangiwa mafunzo ya vitendo Tanga, hamtakaa sana kabla hajaja mtu dirishani, aghalabu mwenye kisukari, aseme nyayo zinamuwaka usiku na shuka likimgusa tu anaruka. Panadol na diklofenaki ameshakunywa, wapi. Siku hizi wengine wanakuja na simu mkononi: "Mwanangu, hii dawa ya Marekani mnayo?"

Anayoulizia ni suzetrigini ya kampuni ya Vertex. Msikimbilie kujibu ipo au haipo. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwa umeme, na umeme huo huanza sodiamu inapoingia kwenye seli kupitia vijilango. Viko vya aina 9, vyenye namba 1.1 hadi 1.9. Namba 1.5 ni cha moyo, 1.7, 1.8 na 1.9 vimejaa kwenye mishipa inayobeba maumivu. Kuziba vingi kwa pamoja kunaleta nini, waulizeni wavuvi wa Deep Sea kwa nini samaki bunju hawamgusi: sumu yake hutia ganzi midomoni, kisha misuli ya kupumulia ikalegea. Cha ajabu, 1.8 hakizibwi kirahisi na sumu hiyo, na ndicho hasa suzetrigini inachokilenga.

Sasa swali ambalo ningependa mlizoee: ilijaribiwa kwa maumivu gani? Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrigini kwa maumivu ya wastani hadi makali ya muda mfupi kwa watu wazima. Waliojaribiwa walikuwa wametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole gumba cha mguu au wa tumbo, wakapimwa kwa saa 48. Idhini hiyo haikugusa miguu ya kisukari. Desemba 2024 yalitoka matokeo ya wagonjwa wenye maumivu ya neva yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni: kwenye kipimo cha 0 hadi 10, waliomeza dawa walipungukiwa kama pointi 2. Waliomeza plasebo, kidonge kisicho na dawa, nao kama pointi 2. Maumivu ya muda mrefu hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huja kliniki siku yalipopanda, hivyo ukisikia "wagonjwa walipata nafuu", uliza kundi la pili lilipata kiasi gani. Mimi habari ya dawa isiyotaja kundi la pili siimalizi kusoma.

Halafu geukeni mtazame rafu. Kabamazepini nayo huziba vijilango hivyohivyo, bila kuchagua sana, na kwa maumivu ya neva ya uso ndiyo tegemeo la miaka mingi. Lidokaini ya ganzi ni ukoo huohuo. Kwa miguu ya kisukari, daktari mara nyingi huanzia amitriptilini, dozi ndogo, usiku.

Kabamazepini ina ukorofi wake: hushusha kiwango cha dolutegraviri, dawa ya VVU, mwilini, na vidonge vya uzazi wa mpango huvipunguzia nguvu. Kwa hiyo lazima muulize mgonjwa anatumia nini kingine, ila si kwa sauti ya dirishani huku foleni nzima inasikiliza. Mwiteni pembeni, "Shikamoo mama, njoo tukae hapa kidogo," na mkishakaa mwambieni avue viatu. Nyayo zenye ganzi huficha vidonda, na kidonda kionwe na daktari leo hiihii.